Kuku wa moshi, ngozi ya raba

Nimekuwa kimya hapa kwa wiki sita, na wapo walioniuliza kama nimehama nchi au nimeoa. Sijahama wala sijaoa. Nilikuwa nauza kuku.

Ndiyo, kuku. Mchana mwandishi wa habari, Jumamosi muuza kuku wa moshi. Leo nataka niwasimulie jinsi ngozi ya kuku ilivyonipatia aibu ambayo habari zangu zote za mahakamani hazijawahi kunipatia. Mwenye haraka ya kujua namna ya kuipata ngozi inayokatika kama biskuti asubiri kidogo, nitafika. Lakini ukiruka hadi huko utakosa sehemu inayoniuma.

Mambo yalianza hivi. Kwenye gazeti ninalofanyia kazi kulikuwa na mpigapicha mmoja, mshkaji wangu wa damu. Tumezunguka naye mafuriko ya Jangwani, ajali, mikutano ya siasa ambayo mgeni rasmi anachelewa saa nne na chakula kinaishia meza kuu. Kuna jioni moja aliitwa ofisini akaambiwa siku hizi waandishi wote wana simu zenye kamera. Akakabidhi vifaa, akasaini karatasi, akaja kijiweni kwetu Sinza na bahasha. Sikujua la kumwambia. Mimi ndiye mwenye simu yenye kamera.

Ndipo nikatoa wazo. Nilikuwa nimeangalia video nyingi za Wamarekani wanaopika nyama kwa moshi kwenye mapipa, nikawa nimesoma habari za mji wa Decatur, Alabama, ambako tangu mwaka 1925 kuna mgahawa ulioanzishwa na mtu aitwaye Bob Gibson, wanapika kuku kwa moshi kisha wanamzamisha mzima mzima kwenye mchuzi mweupe wa mayonezi na siki. Nikamwambia mshkaji: Dar nzima watu wanachoma kuku, wanakaanga kuku, wanabanika kuku, lakini wa moshi, wa pipa lenye mfuniko, nani anaye? Tuuze sisi. Oda kwa simu, Jumamosi tu, kuku mmoja elfu ishirini.

Akanitazama kwa muda. Akasema, "Wewe ndiye msomi, kaka. Ukisema inawezekana, inawezekana."

Hayo maneno yashikeni, nitarudi kwayo.

Mtaji ulikuwa laki tatu. Yeye alitoa laki mbili, mimi laki moja. Fundi wa kuchomelea vyuma kule Tabata alitukatia pipa la lita 200 kwa urefu, akaweka bawaba, miguu, bomba dogo la moshi juu na tundu lenye kifuniko chini, na wavu wa ngazi mbili. Pipa lilikuwa la mafuta ya kula, hata hivyo tulilichoma moto mkali mchana kutwa hadi rangi yote ikaisha. Hiyo peke yake ilimeza laki na ishirini. Kuku kumi na wawili wa kisasa tukanunua soko la Shekilango, elfu nane kila mmoja. Zilizobaki zikaenda kwenye mkaa, viungo na vifungashio.

Usiku wa Ijumaa tukawaloweka kuku kwenye tangawizi, kitunguu saumu, ndimu na chumvi, kama mama zetu walivyotufundisha. Alfajiri tukawasha. Juu ya mkaa tukaweka vipande vya mti wa mpera, ndani ya pipa tukaweka sufuria ya maji kwa sababu kwenye video wanaweka, tukafunga mfuniko, tukabana tundu la chini ili moto uwe mdogo. Saa tatu na nusu baadaye tukafungua. Jamani, rangi! Kama mninga uliopigwa vanishi. Mshkaji alipiga picha kwa simu yangu, na mtu anayejua kupiga picha hata umpe simu utamjua tu. Zile picha zilizunguka kwenye magrupu, na oda zote kumi na mbili zikaisha kabla ya saa saba mchana.

Saa kumi na moja jioni ukaingia ujumbe wa kwanza. Mteja wetu wa Kijitonyama, mtu mzima mwenye staha zake, aliandika hivi: "Vijana, nyama safi sana. Ila kuku wenu muwe mnamtoa pamoja na mkasi wa kukatia ngozi."

Wa pili akasema ngozi inatafunika kama chingamu. Wa tatu, dada mmoja wa benki, alisema tu kwamba mtoto wake amelalamika, na yeye mtoto wake halalamiki. Wa nne alitaka hela yake.

Sasa hapa ndipo penye aibu yenyewe. Mimi nilikuwa nimekula kipande jikoni asubuhi. Nilijua. Niliivuta ile ngozi kwa meno ikanyooka kama mpira wa manati ndipo ikakatika. Lakini mshkaji aliponiletea simu akiwa na uso umemshuka, nikampokonya, nikaandika majibu kwa lugha nzuri kabisa ya gazeti: "Ndugu mteja, kwa mujibu wa wataalamu, kuku wa moshi kiasili ngozi yake huwa laini na yenye kuvutika. Hivyo ndivyo anavyoliwa Marekani. Asante kwa kutuunga mkono." Nikampa auwatumie wote.

Kwa mujibu wa wataalamu! Wataalamu gani? Mwenzenu sikuwa nimemuuliza mtu hata mmoja. Habari ya namna hiyo ningeipeleka kwa mhariri wangu angenirudishia kabla sijakaa kwenye kiti.

Mshkaji akawatumia. Tena akaongeza na alama ya dole gumba.

Jumamosi ya pili tulinunua kuku kumi na wawili tena. Oda zikaja nne. Nne! Wengine wanane tukawarundika kwenye friza ya jirani. Jioni nikamsindikiza mshkaji kwake Manzese. Shemeji alitukaribisha vizuri, akatuwekea chai, akakaa. Halafu akauliza kwa upole sana, "Shemeji, ile laki mbili itarudi kabla shule hazijafunguliwa?"

Nilikuwa sijui. Nilidhani ile laki mbili ni ya bahasha ya ofisini. Kumbe bahasha ilishaliwa na kodi ya nyumba, na ile ilikuwa ada ya mtoto. Mshkaji akawa anaangalia kikombe. Mimi nikajibu, "Itarudi, shemeji," kwa sauti ileile niliyotumia kuandika "kwa mujibu wa wataalamu".

Njiani kurudi Sinza nilitembea kwa miguu. Sisi kwenye kazi yetu tunafundishwa maswali ya msingi: nani, nini, wapi, lini, vipi na kwa nini. Nikajiuliza kuhusu kuku wangu nimejibu mangapi. Nani, mimi. Nini, ngozi mbaya. Lini, kila Jumamosi. Kwa nini? Hapo palikuwa patupu. Nilikuwa nimetafuta maneno ya kulifunika tatizo na sikuwa nimelitazama tatizo lenyewe.

Kesho yake nikafanya nilichopaswa kufanya mwanzo: nikachukua daftari nikaenda kuuliza.

Kuna mama mmoja anachoma kuku jirani na kituo cha daladala ninachoshukia. Yuko hapo miaka mingi, jiko lake ni rimu ya gari, na ngozi ya kuku wake ukiing'ata inasikika upande wa pili wa barabara. Nilimwamkia, nikanunua robo, nikamweleza shida yangu yote bila kuficha. Akanisikiliza huku anageuza mishikaki. Alipomaliza kunisikiliza akaniuliza swali moja: "Baba, hilo pipa lenu mkilifungua, mfuniko kwa ndani una maji?"

Nikakumbuka. Una maji. Yanachuruzika.

"Basi nyie hamchomi kuku," akasema. "Mnamchemsha kwa mvuke halafu mnampaka rangi ya moshi."

Robo ile ya kuku nililipa elfu tatu na mia tano. Mafunzo mengi ya uandishi niliyohudhuria kwenye hoteli kubwa hayakunipa sentensi nzuri kama hiyo.

Nikarudi nyumbani nikasoma, safari hii nikitafuta sababu. Nitawaeleza kwa kifupi, maana ukishaelewa sababu huhitaji kukariri mapishi.

Ngozi ya kuku ni vitu vitatu hasa: maji mengi, mafuta, na ule utando mgumu wa protini unaoitwa kolajeni. Ili ngozi ikauke na kukatika, maji yatoke, mafuta yayeyuke na kuchuruzika, na kolajeni ilainike. Kisha joto lipande hadi ile rangi ya kahawia na harufu ya kuchomwa vianze kujitengeneza. Mabadiliko hayo ya rangi na ladha yanaitwa kwa jina la Mfaransa Louis-Camille Maillard, aliyeyaeleza mwaka 1912, na huanza kwenda kwa kasi joto linapofika kama nyuzi 140 za Selsiasi. Sasa hapa kwetu pwani maji yanachemka nyuzi 100. Maadamu ngozi imelowa, maji yale yanapogeuka mvuke yanaipoza, na ngozi haiwezi kupanda juu ya hapo. Unaweza kukaa na kuku wako kwenye pipa hadi jua lizame, ngozi iliyolowa itabaki kuwa ngozi iliyochemshwa.

Sisi tulikuwa tumeilowesha kwa kila njia. Ndimu na tangawizi usiku kucha. Sufuria ya maji chini. Tundu limebanwa, mvuke hauna pa kutokea. Na joto lenyewe dogo. Hili la joto ndilo lililonishangaza zaidi. Wamarekani wanapika kwa moto mdogo, nyuzi kati ya 107 na 120 hivi, kwa saa nyingi, kwa sababu wanapika kidari cha ng'ombe na bega la nguruwe, nyama ngumu zinazohitaji muda ili zilainike. Kuku wa kisasa anachinjwa ana wiki tano au sita! Ana ugumu gani wa kulainisha kwa saa tatu? Mimi nilikuwa nimechukua mapishi ya ng'ombe nikamvalisha kifaranga.

Basi nikampigia mshkaji. Nikamwambia njoo na shemeji, tuwatoe wale kuku kwenye friza, tufanye majaribio. Nikaazima kipimajoto cha jikoni kwa rafiki anayesoma mambo ya hoteli.

Tulichukua kuku wanne, tukawapasua katikati, tukapata nusu nane. Nusu mbili tukaziloweka kwa viungo kama zamani. Mbili tukazifuta kwa kitambaa safi hadi zikakauka, tukazipaka chumvi tu, tukaziweka kwenye friji juu ya wavu bila kuzifunika usiku mzima. Mbili nyingine hivyohivyo, ila kwenye chumvi tukachanganya beking pauda kidogo, ile poda ya kuumulia keki. Na mbili za mwisho tukazimwagia maji yanayotokota kwenye ngozi, tukaona ngozi inavyojikaza hapohapo, kisha tukazifuta, tukazipaka chumvi na kuziweka friji pia. Hilo la maji ya moto nililipata kwa Wachina: bata wao wa Beijing humwagiwa maji yanayochemka, akapakwa maji matamu ya kimea, akaning'inizwa akauke kabla hajaona moto.

Kesho yake tukapika kwa awamu mbili. Nusu nne, moja ya kila aina, kwa joto la nyuzi 115, mfuniko umebanwa. Nusu nne nyingine kwa nyuzi 170, tundu la chini wazi, bomba la juu wazi, mkaa mwingi, bila sufuria ya maji. Kila nusu ikapewa namba kwenye karatasi. Jaji akawa shemeji, kwa sababu ndiye mtu pekee pale ambaye hakuwa na sababu ya kunipendelea.

Awamu ya kwanza alionja zote nne. "Hii raba. Hii raba. Hii ya tatu kama karatasi ya manila. Na hii raba, ila imejitahidi." Hakuna iliyopita. Hata iliyokaushwa usiku kucha, hata yenye poda, zote ziliangushwa na moto mdogo.

Awamu ya pili, ile ya viungo vya majimaji ilitoka na madoa: huku imeungua kwa sababu vipande vya kitunguu saumu vimekuwa mkaa, huku bado laini. Ile ya chumvi tupu ilikuwa nzuri. Ya maji ya moto nzuri zaidi kidogo. Akafika kwenye ile ya beking pauda, akang'ata. Tukasikia wote. Hakusema kitu, akaihamishia kwenye sahani yake.

Nikaandika kwenye daftari: kwanza moto, pili ukavu, tatu ndiyo ujanja wa poda. Mwanzo nilikuwa nalaumu mti wa mpera, masikini ya Mungu, mti ambao haukuwa na kosa lolote.

Jioni ile tukiwa tunaosha nyavu nikamwambia mshkaji ukweli. Nikamwambia kwamba Jumamosi ya kwanza nilijua ngozi ni mbovu kabla kuku hawajatoka jikoni. Nikamwambia hakukuwa na wataalamu. Nikamwambia sikuwa nimejua kuwa ile ilikuwa ada ya mtoto, lakini hata ningejua sina hakika kama ningekuwa na ujasiri wa kukubali kosa.

Aliendelea kusugua wavu kwa muda. Kisha akasema, "Mimi niliwatumia wale watu yale maneno kwa namba yangu, kaka. Yule mzee wa Kijitonyama ananifahamu. Tunasali naye." Basi. Hakupandisha sauti. Angenitukana ningepata nafuu.

Wakati ule ndipo nilipokumbuka ile sentensi yake, wewe ndiye msomi. Jamani wenzangu tuliosoma, tuwe waangalifu. Kuna watu wanatuamini kwa sababu tu tuna maneno. Mshkaji wangu ana jicho kuliko mimi, ana subira kuliko mimi, na bado alichukua neno langu akaacha ulimi wake mwenyewe uliokuwa unamwambia kuku huyu ana kasoro. Kumbe na yeye alikuwa ameonja asubuhi ile. Aliniambia baadaye. Alidhani labda yeye ndiye asiyejua.

Kwenye gazeti tukikosea tunachapa masahihisho. Hukaa ukurasa wa pili, chini, kwa herufi ndogo, na hakuna anayependa kuyaandika. Usiku ule niliandika yetu, kwa namba yangu na jina langu, kwa wateja wote kumi na sita: kwamba ngozi ya kuku wetu ilikuwa mbovu, kwamba maelezo tuliyotoa hayakuwa ya kweli, kwamba yaliandikwa na mimi na si mwenzangu, na kwamba yeyote atakaye kuturuhusu tujaribu tena atalipa nusu bei. Tisa hawakujibu. Mmoja alisema hajawahi kuona muuza chakula anaomba radhi, akauliza kama ni utapeli mpya. Sita walikubali.

Jumamosi ya tatu tulipika sita. Vilevile tulivyojifunza. Wakatoka wanaita. Mshkaji akagonga ngozi kwa ukucha, ko ko ko, tukacheka kama watoto. Tukawafunga vizuri kwenye foili, tukawatia kwenye maboksi, bodaboda akaondoka nao.

Nusu saa baadaye ujumbe ukaingia. Dada wa benki. "Afadhali, ila bado imelainika."

Nilitaka kukaa chini. Lakini safari hii nikamuuliza mshkaji kwa nini, na yeye ndiye aliyejibu, si mimi. Akachukua foili iliyobaki, akaifungua: maji matupu ndani. Kuku wa moto ukimfunika anajipika kwa mvuke wake mwenyewe. Tulikuwa tumetengeneza pipa lingine dogo, la foili, tukampa bodaboda. Toka hapo tunamwacha kuku apumue juu ya wavu dakika kumi, kisha tunamweka kwenye mfuko wa karatasi ya kaki tuliotoboa matundu, mdomo wazi. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, na wengi tulinung'unika wakati ule. Kwa upande wa ngozi ya kuku, ilikuwa baraka.

Kwa hiyo, nyie mliosubiri, huu hapa utaratibu wetu. Mpasue kuku mgongoni, umlaze bapa kama kitabu kilichofunguliwa, ili ngozi yote itazame juu na moto umfikie sawasawa. Mfute akauke kabisa. Kwa kuku wa kilo moja na robo, chumvi kijiko kimoja cha chai na nusu, beking pauda kijiko kimoja cha chai, si zaidi, ikizidi utaisikia mdomoni. Na iwe beking pauda, si beking soda, hizo ni mbili tofauti. Pilipili manga ukipenda. Tangawizi na kitunguu saumu vipitishe chini ya ngozi, kwenye nyama, visiguse juu. Friji usiku mzima, bila kumfunika, chini kabisa peke yake ili asidondoshee vyakula vingine. Pipa lifike nyuzi 160 hadi 180, hewa iingie na kutoka. Kuni ziwe kavu, kipande kimoja au viwili tu vya mpera au mwembe, na usubiri ule moshi mweupe mzito upite, ubaki mwepesi unaoelekea bluu, la sivyo kuku atakuwa mchungu. Mtoe friji moja kwa moja umweke wavuni, ngozi juu, maana moshi hushika zaidi kwenye kitu cha baridi. Usifungue fungue. Kama saa moja hivi, pima kwenye paja pale penye nyama nene bila kugusa mfupa. Nyuzi 74 ndicho kiwango cha usalama, sisi paja tunalipeleka hadi 80. Kama ngozi bado inasitasita, mlaze kifudifudi juu ya mkaa wenyewe dakika moja au mbili, na usiondoe macho. Ndimu, ukwaju na pilipili mpe mlaji pembeni, ajichovyee mwenyewe. Ukimpaka kuku mchuzi kabla hajaondoka umerudi kulekule kwenye raba.

Kuku wa kienyeji ni habari nyingine. Huyo ametembea, huyo anahitaji kuchemshwa kwanza hadi alainike, kisha kukaushwa vizuri kabla ya moshi. Nitaandika siku nyingine nikishaharibu wa kutosha.

Biashara inaendeleaje? Sitawadanganya, nimeacha. Jumamosi iliyopita tulikuwa na oda kumi na moja. Ada imelipwa, ingawa wiki mbili baada ya shule kufunguliwa, na sehemu yake ilitoka kwenye mshahara wangu. Kipimajoto tumenunua chetu. Mshkaji amepata kazi za kupiga picha harusi mbili, kwa hiyo kuna Jumamosi nitakuwa pipani peke yangu. Bado hajaniita msomi tena. Siku hizi nikimwambia jambo ananiuliza, "Umeonja?"

Mzee wa Kijitonyama alikuwa mmoja wa wale tisa wasiojibu. Juzi aliagiza kuku wawili, bei kamili, kwa namba ya mshkaji. Baada ya saa moja akatuma ujumbe wa neno moja: "Mkasi nimeurudisha kabatini."

Sawa, ni maneno matano ukihesabu. Nasahihisha: ni manne, kwa kuwa mimi na hesabu ni vilevile tangu shule. Hapana, ngoja nihesabu kweli safari hii. Mkasi, nimeurudisha, kabatini. Matatu.

Jumamosi njema.